Mabakuli Mawili ya Jubilei

Ilikuwa mwaka wa themanini na tatu. La, themanini na tatu ndio mwaka ambao kimbunga kilibeba paa la ukumbi wa klabu kikaenda kulitua kwenye miwa ya mjane wa Gangaiya, na siku ya jubilei ya miaka hamsini ya klabu paa lilikuwa limesharudishwa, jipya, bado linang'aa. Basi ni themanini na nne. Na hata bila paa hesabu inakubali, maana Klabu ya Kandanda ya Nasavu, kule Fiji, ilianzishwa mwaka wa thelathini na nne, ingawa wapo wanaoapa kwamba ni thelathini na sita. Hao nao walipigana, lakini ule ulikuwa ugomvi mdogo, jino moja la mbele tu, tuuache.

Siku hiyo ya jubilei Ramautar, dereva wa treni ya miwa, alipoteza jicho lake la kulia. Lilitoka kwa sababu ya mameneja wawili wa mpira, na katika miaka yote iliyofuata hakutaka alipwe chochote kwa ajili ya jicho hilo. Alitaka kitu kimoja tu, kujua ni nani aliyempiga.

Ramautar alizaliwa kwenye kambi ndefu za mabati za wakata miwa, ng'ambo ya mto, mtoto wa baba aliyekuwa akipiga chochote kilichokuwa karibu naye: ng'ombe, mke, mlango. Kwa hiyo alipoingia uwanjani kijana bado, akaona watu wanapigana mateke halafu mtu mmoja anapuliza filimbi na wote wanasimama, alishangaa sana. Hakuwahi kuona kipigo chenye mwisho. Akaupenda mpira palepale. Alicheza beki wa kulia, akakaa namba hiyo mpaka magoti yalipomkataa, na alipata bahati, au balaa, ya kucheza chini ya mameneja wote wawili ambao Nasavu mpaka leo haijaacha kuwagombania.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Kuppan. Mtu mwembamba, shati jeupe, sauti ya chini. Yeye alitaka mpira wa chini kwa chini, pasi fupi, mtu na mwenzake kama wanaopeana chumvi mezani. Alisema mpira una nyumba yake, na nyumba yake ni majani. Ukiuinua juu ya goti kwenye mazoezi alikuja na fimbo ya mpera akakuchapa kwenye vigimbi vya miguu, bila hasira, huku akikueleza. Ramautar alikuwa na alama zake mpaka uzeeni na alizionyesha kwa wageni kama mtu anayeonyesha cheti. Kwa Mwalimu ndiko alikojifunza kuinua kichwa kabla mpira haujamfikia.

Wa pili alikuwa Sajini Eparama, aliyerudi kutoka vita vya Malaya akiwa na risasi moja mwilini ambayo madaktari waliiacha humo. Sajini hakuwa na habari na majani. Kwake mpira ulipigwa mbele, mbali, na mtu alipigwa palepale alipo. Aliwavusha wachezaji mto wakiwa wamebebana mgongoni, na aliyemwangusha mwenzake majini alirudi kuanza upya. Pua ya Ramautar ilipinda kwa kiwiko cha Sajini mwenyewe, katika mazoezi ya kona. Chini ya Mwalimu, Nasavu walicheza mpira ambao watu walitembea kutoka vijiji vya milimani kuja kuuona, na hawakupata kombe. Chini ya Sajini walipata kombe mara mbili, na mara ya pili timu pinzani ilimaliza fainali ikiwa na wachezaji wawili wamelala nje ya mstari miguu imefungwa vijiti.

Hapo ndipo mji ulipogawanyika. Kulikuwa na watu wa chini na watu wa juu. Wahindi wengi walikuwa wa chini, na Wafiji wengi wa vijijini walikuwa wa juu, lakini si wote. Fundi cherehani Abdul Shakur alikuwa wa juu hata akamwacha mkewe wa kwanza kwa ajili hiyo.

Kila jioni baada ya treni kulala, Ramautar na wenzake walikaa kwenye banda la mabati kando ya reli, wakakanda kava, kinywaji cha mizizi iliyopondwa, kwenye bakuli la mti lenye miguu minne. Kifuu kilizunguka, unapiga kofi moja, unakunywa bila kupumzika, unarudisha kifuu, watu wanapiga makofi matatu. Ulimi unakuwa mzito, midomo inakufa ganzi, lakini maneno hayapungui. Na mbele ya Ramautar alikaa siku zote Sakiusa.

Sakiusa alikuwa mtu wa kijiji cha Vatulili, mwenye mwili kama gogo, beki wa kati wa Sajini enzi zake, na sasa alikuwa akiunganisha mabehewa kwenye treni ileile ya Ramautar. Kwao Wafiji wana utani wa ukoo kama tulivyonao sisi wengine. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huna haki ya kununa. Ramautar hakuwa na ukoo Vatulili, lakini Sakiusa alimpa utani huo miaka mingi nyuma kama mtu anavyompa mwenzake shati, na Ramautar akauvaa.

"Mtani," Sakiusa alianza jioni moja, "hivi Mwalimu wako alikuwa na ugomvi gani na goli? Maana timu ilikuwa inalizunguka tu, utadhani mle ndani kuna mbwa."

"Afadhali kulizunguka. Sajini wako alikuwa analitafuta mawinguni. Nimecheza miaka minne shingo juu, mpaka leo mke wangu akiniona natazama juu anaenda kuanua nguo."

"Na kombe je?"

"Kombe gani? Lile mlilolinyanyua wakati kipa wa wenzenu ananyanyuliwa juu ya mlango uliogeuzwa machela?"

"Aliteleza."

"Aliteleza kwenye goti lako."

"Goti langu lilikuwepo pale kabla yake. Muulize hata refa."

"Refa naye si mlimvunja kidole."

"Kidole cha kunyoosha," Sakiusa akasema. "Kile cha filimbi tulimwachia."

Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga kava. Mmoja tu hakucheka, naye ni Baldeo, kaka yake Sukhdei mke wa Ramautar. Baldeo alikuwa mkulima wa miwa, mfupi, mikono mirefu kuliko alivyostahili. Alimpenda shemeji yake kwa namna ya kutisha kidogo, kama mbwa anavyolipenda geti. Alikaa akinoa panga lake kwenye jiwe, polepole, bila kulitazama.

"Siku ya jubilei," Baldeo akasema, "mtu akimvunjia Mwalimu heshima, nitamkata kama ninavyokata muwa. Juu na chini."

"Shemeji, tunataniana hapa," Ramautar akasema.

"Taniana. Mimi nimesema yangu."

Na hakuna aliyeona neno hilo kuwa geni. Nasavu ni mji ambao meneja wa mwaka uleule, kijana kutoka Suva, alifungwa mechi mbili za nyumbani na pikipiki yake ikachomwa moto mbele ya soko, watu wakipasha mikono joto. Alipanda basi na begi moja na damu sikioni.

Kamati ya jubilei ilikuwa chini ya bwana Dhanpat, muuza vitambaa, mtu mwema aliyeamini kwamba kila kitu hugawanyika kwa mkasi. Waligombana juu ya chakula. Wengine walitaka mbuzi wa mchuzi, wengine nguruwe wa kuokwa ardhini. Dhanpat akaamua viwepo vyote, kila kimoja mwisho wake wa uwanja. Waligombana juu ya rangi ya bendera, kiti kikarushwa. Ndipo wakafika kwenye jambo lenyewe: kifuu cha kwanza. Mameneja wote wawili walikuwa hai bado na wote watakuwepo. Kwenye shughuli kama ile kifuu cha kwanza ni cha mkubwa, na mkubwa ni mmoja. Nani atakunywa kwanza?

Ilichukua mikutano mitatu na mtu mmoja kushonwa kichwa. Mwishowe Dhanpat akasimama akitabasamu kama aliyeota.

"Tutaweka mabakuli mawili," akasema. "Moja la Mwalimu, moja la Sajini. Vifuu viwili, wahudumu wawili, wanatembea sambamba, wazee wanakunywa pamoja. Nani atalalamika?"

Sakiusa, ambaye alikaa karibu na mlango, akainua mkono. "Bwana Dhanpat, bakuli moja ni nyumba moja. Ukiweka mawili umeweka nyumba mbili ndani ya ukumbi mmoja, na kila nyumba ina mkubwa wake. Watakaa pale wanaangaliana."

"Kwenye harusi ya binti yangu tulipika masufuria mawili ya wali, na hakufa mtu."

"Wali hauna mkubwa," Sakiusa akasema. Lakini watu walikuwa wamechoka, wakapiga kura.

Wahudumu walichaguliwa Ramautar kwa Mwalimu na Sakiusa kwa Sajini, kwa sababu mji mzima ulijua hao wawili hawawezi kupigana. Wakafanya mazoezi bandani kwa vifuu vya maji, hatua kwa hatua, kupiga magoti pamoja, kunyoosha mikono pamoja.

"Mguu wa kushoto, mtani. Wa kushoto. Ule mwingine."

"Nimezoea breki, mimi. Wewe ndiye umezoea kutembea."

"Ukinitangulia tu, nakufunga kwenye behewa la mwisho."

Jumamosi ya jubilei jua lilikuwa kali na ukumbi ulijaa kabla ya saa sita. Watu wa chini walikaa upande wa madirisha, watu wa juu upande wa jukwaa, na katikati uliachwa mkeka mrefu. Sajini Eparama aliingia kwa miguu yake, medali kifuani, fimbo mkononi, akakaa wima. Mwalimu Kuppan aliletwa juu ya kiti, kabebwa na wanafunzi wake wa zamani. Ramautar hakuwa amemwona kwa miezi mingi. Mwalimu alikuwa amekwisha, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya magoti kama vifaranga wawili.

Ramautar akafikiria kile kifuu. Kikijazwa mpaka ukingoni, kava yote itaishia kwenye lile shati jeupe, mbele ya mji mzima, mbele ya Sajini. Akamwinamia mkandaji wa bakuli lake akamnong'oneza, "Maji kupwa." Ndivyo wanavyosema pale: kifuu cha maji kujaa ni kilichofurika, cha maji kupwa ni nusu. Hakumwambia Sakiusa, kwa sababu hapakuwa na nafasi, na kwa sababu hakuona kama kuna la kuambiana.

Wakasimama. Wakatembea sambamba, mguu wa kushoto, wa kulia, hata mende angeweza kupita katikati yao bila kujua afuate nani. Wakapiga magoti kwa pamoja. Wazee wakapiga kofi moja kwa pamoja. Dhanpat alikuwa tayari anafuta jasho la furaha.

Mwalimu akanywa. Nusu kifuu, mikupuo miwili, Ramautar akimshikia kwa chini. Kikaisha. Na watu wa chini, kama desturi inavyotaka, wakapiga makofi matatu, mazito, kwa nguvu ya miaka thelathini. Sajini alikuwa bado ana kifuu mdomoni, koo linapanda na kushuka. Alikuwa na maji kujaa, naye alikunywa kwa heshima, bila haraka. Alipokishusha, makofi ya mwenzake yalikuwa yameshakwisha. Ukumbi mzima ulikuwa umeona kwa macho yake kwamba Sajini Eparama amekunywa wa pili.

Kisha mtu wa nyuma akasema, si kwa kelele, "Wameiba."

Na mwingine, wa upande wa madirisha, mjinga ambaye jina lake halijulikani mpaka leo, akajibu, "Hata kifuu tunacheza pasi fupi."

Walicheka watu wachache. Kicheko hicho ndicho kilichovunja ukumbi. Benchi liliruka kutoka upande wa jukwaa, likapita juu ya mkeka na kumkata Dhanpat kifuani, akaenda chini na tabasamu lake. Bakuli la Sajini lilipinduliwa, na la Mwalimu likanyanyuliwa zima na kupigizwa kichwani mwa mtu mpaka likapasuka vipande viwili. Watu walipigana kwa viti, kwa mizizi ya kava, kwa chupa, kwa bendera zenyewe na vyuma vya bendera. Fundi Abdul Shakur alionekana amemshika mtu nywele akimgonga na ukuta kwa utaratibu, kama anayepiga muhuri. Waliokuwa nje kwenye magari ya miwa walisikia wakaingia na mapanga. Mtu mmoja alitoka kupitia dirishani bila kulifungua. Sajini alikuwa amesimama, mzee wa miaka sabini, akipiga kwa fimbo kulia na kushoto, uso umetulia kabisa, kama amerudi mahali anapopajua.

Kiti cha Mwalimu kilianguka na Mwalimu ndani yake. Ramautar akamlalia juu kwa magoti na viwiko, akamfunika kwa mwili wake. Alipigwa mgongoni, akavumilia. Alikanyagwa mkono, akavumilia. Kisha akasikia Mwalimu anasema kitu chini yake, hakusikia nini, akainua kichwa kutazama pa kumpitisha. Hapo kikaja. Hakukiona. Alisikia tu sauti kama ya muwa unapovunjwa kwenye goti, na upande mmoja wa dunia ukazimika.

Aliyembeba alikuwa Sakiusa. Alimtupa begani kama gunia, akampasua mtu mmoja kwa kichwa ili apite, akampeleka mpaka kwenye lori la miwa, akakaa naye juu ya majani njia nzima mpaka hospitali ya Lautoka, shati lake likiwa limeshindiliwa usoni pa mwenzake.

"Usilale, mtani."

"Mwalimu?"

"Mzima. Wamempitisha dirishani kama mpira wa kurusha. Usilale. Nitukane."

Ramautar alijaribu, lakini tusi halikuja.

Jicho hawakuliokoa. Alipozinduka vizuri, aliyekuwa kando ya kitanda ni Baldeo, mkono wake umefungwa kitambaa, macho mekundu.

"Jina, shemeji. Nipe jina tu. Mengine niachie."

"Sikuona."

"Ulikuwa na macho mawili wakati ule. Utakosaje kuona?"

"Nakwambia sikuona. Na mimi nalitaka hilo jina kuliko wewe."

Hilo lilikuwa kweli. Alilala pale akilitafuta. Hakuwaza kulipiza, au aliwaza kidogo. Alichotaka ni uso. Mtu aliyekuondolea nusu ya dunia, ukipishana naye sokoni akakuuliza hali, ni vizuri ujue unamjibu nani.

Baldeo hakungoja jina. Yeye na wenzake walimvizia Waisea, kipa wa timu, kijana wa Vatulili, kijiji cha watu wa juu, darajani, wakamvunja mkono kwa nondo sehemu mbili, ilhali Waisea siku ya jubilei alikuwa kwao anaumwa meno. Wiki haikuisha, shamba la miwa la Baldeo likawaka, ekari zote, moto ukanguruma mpaka kwenye kuta za nyumba na kumuua ng'ombe aliyekuwa amefungwa. Kisha farasi mmoja wa Vatulili akakutwa amekatwa mishipa ya miguu ya nyuma, amekaa kama mbwa, analia. Ramautar aliporudi nyumbani na kitambaa usoni, kiwanda cha sukari kilimwambia kwa upole kwamba dereva wa treni anahitaji macho yote, wakampeleka kupaka grisi magurudumu ya mabehewa. Na Baldeo akamwambia mpango uliobaki: Jumapili, Vatulili wakiwa kanisani, milango ya kanisa ni miwili tu.

"Kuna watoto mle," Ramautar akasema.

"Basi nipe jina, nimfuate mmoja."

Jumamosi ya kuamkia Jumapili hiyo, asubuhi, wakaja wao. Walikuja kwa miguu, kufuata reli, wanaume wa Vatulili kama ishirini, bila neno. Mbele alikuwa mzee Naibuka, msemaji wa kijiji, na nyuma yake Sakiusa ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye uwanja wa Ramautar hawakukaribia baraza. Wakakaa chini kwenye vumbi, wote, nyuso zinatazama ardhi. Waliweka mbele yao mikeka na shada la mizizi ya kava, na mzee Naibuka alishika kwa mikono miwili jino la nyangumi, la manjano kwa uzee, lenye kamba ya kusuka.

Mtu wa pale hahitaji kuambiwa. Hilo ni ombi la kuzika. Ukilipokea jino, yote yaliyopita yamezikwa, na mwenye kuyafukua amejifukulia kaburi lake. Ukilikataa, wanaondoka kimya kama walivyokuja, na kila mtu anajua kinachofuata.

Baldeo alikuwa amesimama mlangoni, panga mkononi. Sukhdei alikuwa nyuma yake amemshika shati.

"Waambie wamtoe mtu wao kwanza," Baldeo akasema.

Ramautar akashuka kwenye baraza, akachuchumaa mbele ya mzee. "Mzee Naibuka, nimewaona na nimewapokea nyumbani. Ila naomba nijue. Ni nani kati yenu?"

"Ni sisi," mzee akasema.

"Sisi nani?"

"Sisi tulio hapa chini. Na waliobaki nyumbani. Na waliotutangulia."

"Mzee, gongo halishikwi na kijiji kizima."

"Kosa linashikwa," Naibuka akajibu, wala hakuinua uso.

Ramautar akamtazama Sakiusa. Sakiusa alikuwa akitazama vumbi. Katika miaka yote ile Ramautar hakuwahi kumwona mtani wake amekaa mbele yake bila tusi hata moja mdomoni. Akawaza: nikimshika huyu bega nimuulize, atanijibu. Lakini mikono ya mzee ilikuwa imenyooshwa na ilikuwa imeanza kuchoka, na nyuma yake aliisikia pumzi ya Baldeo. Jina, au Jumapili ipite salama. Hakukuwa na njia ya kuvipata vyote.

Akalipokea jino. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Wanaume wa Vatulili wakapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kama vikombe, sauti ya chini kama inayotoka ardhini.

Baldeo akaliangusha panga. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaenda mpaka kwenye shamba lake lililoungua, akakaa katikati ya visiki vyeusi mpaka jioni. Sukhdei alimpelekea roti, zile chapati za kwao, akarudi nazo.

Tangu siku hiyo Nasavu ilitulia, yaani ilirudi kwenye kupigana kwa kiasi. Mwalimu alifariki mwaka uliofuata, Sajini alihudhuria msiba na kusimama wima kaburini. Mkono wa Waisea ulipona ukiwa umepinda, na watu wa chini wakasema sasa ndio anadaka vizuri. Bandani kifuu kilizunguka kama zamani. Sakiusa alihamia kukaa kulia kwa Ramautar, upande usioona, na kwenye mechi alimsimulia yanayopita huko.

Lakini mtu anayepaka grisi ana muda mwingi. Ramautar alikuwa beki, na beki hurudia goli alilofungwa mpaka ajue kila mtu alisimama wapi. Akaurudia ule ukumbi. Mbele yake ilikuwa meza. Kushoto, mkeka, na ng'ambo ya mkeka watu wa Sajini, na Sakiusa amesimama huko, kifuu bado mkononi. Hilo alikumbuka wazi. Kulia yalikuwa madirisha, na kati yake na madirisha hakukuwa na mtu wa juu hata mmoja. Walikuwa watu wa chini peke yao, na aliyekuwa karibu kabisa ni Baldeo, ambaye mwenyewe alisimulia mara nyingi, kabla ya jino na hata baada yake kidogo, jinsi alivyong'oa mguu wa benchi akafyeka nao huku na huku ili shemeji yake asiguswe. Na pigo lilitoka kulia.

Aliliona hilo siku moja chini ya behewa, akaliweka chini lile kopo la grisi. Kisha akalichukua tena, maana mabehewa yalikuwa bado.

Hakumuuliza Baldeo. Baldeo alikula kwake kila Jumanne, alimletea kuni bila kuombwa, na kila mwaka mvua zikikaribia alipanda mwenyewe kwenye paa la Ramautar kukaza misumari. Huenda hakujua. Huenda alijua tangu mwanzo, na alikuwa akilitafuta jina la mtu mwingine kwa nguvu zote zile ili asilisikie la kwake. Na hata kama angetaka kuuliza, jino lilikuwa ndani ya sanduku, chini ya nguo za Sukhdei, na mambo yalikuwa yamezikwa.

Mzee Naibuka alikufa. Wa kuulizwa akabaki Sakiusa.

Mwaka wa tisini, au karibu na hapo, walikuwa wamekaa kwenye tuta la uwanja, Nasavu inacheza na wageni, meneja mpya anapiga kelele kwenye mstari.

"Huyu meneja vipi?" Ramautar akauliza.

"Hajijui. Kipindi cha kwanza wa chini, cha pili wa juu. Watamchoma na soksi zake. Winga wao anakuja upande wako mbovu, mtani. Amepita mmoja. Amepita wa pili."

"Sakiusa."

Hakumwita kwa jina mara nyingi. Sakiusa akauacha mpira, akamgeukia.

"Lile jino," Ramautar akasema, "mlilileta kwa kosa lenu, au kwa kosa la kwetu mliloamua kulibeba?"